Ubao wa njia ya msituni umefifia: tuuoshe au tuuchape upya?

Swali: Sisi ni kikundi cha waelekezi wa wageni karibu na msitu wa Kakamega. Ubao wa maelezo kwenye mojawapo ya njia zetu umeota ukungu wa kijani chini ya kioo cha plastiki, maandishi mekundu yamepotea, na wageni wanaupita bila kuusoma. Tuchape mwingine?

Jibu: Bado. Chapa mpya ndani ya fremu hiyohiyo itaharibika vilevile.

Fungueni kioo kwanza. Ukungu wa ndani ni maji yaliyonaswa: mvua hupenya kwenye matundu ya skrubu, kisha mvuke unakosa pa kutokea. Toboeni matundu mawili ya milimita 6 upande wa chini wa fremu. Mimi ningekitupa kioo kabisa na kubandika stika juu ya bapa la alumini, ifunikwe kwa laminesheni ya kukinga jua.

Osheni kwa maji, sabuni na sponji. Ukungu ukigoma, changanyeni jiki sehemu moja na maji sehemu kumi, iache dakika kumi, msuuze. Petroli na thina ni mwiko, maana hutia plastiki nyufa ndogondogo, ikabaki na weupe usiotoka.

Nyekundu hupauka mapema juani, kwa hivyo maandishi yawe meusi. Tena hapo ni karibu na ikweta: ubao unaotazama mashariki au magharibi huchomwa nusu siku nzima. Ugeuzeni utazame kaskazini au kusini, na juu yake kipaa cha sentimita 30.

Kuhusu wageni wanaopita tu, nashuku maneno ni mengi na herufi ni ndogo. Kwa anayesoma akiwa mita moja, herufi kubwa zifike milimita 8, kichwa milimita 40, na maneno yasizidi mia moja hivi. Msiandike kila kitu kwa herufi kubwa. Sehemu ya juu ya ramani iwe kule anakotazama msomaji, hata kama si kaskazini. Alama ya "Uko hapa" huchakaa haraka kwa kuguswa na kila kidole. Ifanyeni stika ndogo ya kubadilisha.

Kabla ya kulipia chochote, chomeni nguzo kwa bisibisi pale inapoingia udongoni. Ikizama kwa urahisi, imeoza, na nguzo ndiyo ya kuanza nayo. Mpya iwe imetiwa dawa kiwandani, izame sentimita 60, na saruji iinuke kidogo juu ya ardhi ikiteremkia nje. Oili chafu ya gari msiipake. Huchafua udongo wa msitu.