Fedha ya Tibet: ya kunywea au ya kabatini?

SWALI: Nimeletewa bakuli dogo la mti lililovikwa fedha kwa ndani, na kikombe cha madini kilichouzwa kwa jina la "fedha ya Tibet". Vyote vimeingia weusi. Naweza kuvinywea chai? Nivisugue kwa majivu na ndimu?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Kikombe ndicho kinachotutia shaka. "Fedha ya Tibet" ya madukani mara nyingi haina fedha, au inayo chembe tu. Ni shaba iliyochanganywa na nikeli, zinki au bati, na nyingine zimepimwa zikakutwa na risasi, madini yenye sumu. Kipime kwanza. Weka chombo cha maji juu ya mizani ya jikoni, irudishe sifuri, kisha ning'iniza kikombe kwa uzi kizame chote bila kugusa chini. Gramu utakazosoma ndizo mililita za ujazo wake. Gawa uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Kikombe cha gramu 210 kikisoma 20, jibu ni 10.5, uzani wa fedha. Kikisoma 24, jibu ni 8.75: hiyo ni shaba na nduguze. Toa mapovu, yanapunguza jibu. Hata ukipata 10.5, mpelekee sonara, kwani risasi ni 11.3 na ikichanganywa na shaba inaweza kudanganya. Ndimu usiiguse humo: uchachu wake huyeyusha madini.

Bakuli ni habari nyingine. Kwao Tibet kila mtu alikuwa na lake, akilibeba kifuani ndani ya joho. Hunywewa chai ya siagi na chumvi, kisha tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa, hukandwa humohumo kwa vidole. Fedha huzuia mti usinywe siagi. Mti nao huzuia moto usifike kiganjani. Chai yako ya maziwa haina neno. Ila usililoweke: mti hufura, fedha ikaachia ukingoni. Suuza kwa maji vuguvugu, ufute papo hapo.

Weusi huo si kutu, ni salfa ya hewani iliyoshikana na fedha. Majivu hukwaruza na kufuta nakshi. Tumia chaki iliyotwangwa na kuchekechwa, tone la maji na kitambaa laini. Chombo cha fedha tupu, kisicho na mti wala vito, kilaze juu ya karatasi ya aluminiamu, kigusane nayo, umwagie lita 1 ya maji ya moto yenye kijiko 1 cha mezani cha magadi soda, dakika chache tu. Usikihifadhi kwa kukifunga mpira. Mpira nao una salfa.