Taa za breki hazizimi hata ukitoa funguo
Mkuu usinunue swichi ya taa za breki bado. Mara nyingi taa kuwaka usiku kucha mpaka betri inakufa ni kale karaba kadogo ka plastiki kanakokaa kwenye tundu la mkono wa pedeli kameoza kakavunjika, kale ndo huwa kanabonyeza kipini cha swichi ukitoa mguu, kakidondoka kipini kinapitiliza kwenye tundu na gari inadhani umekanyaga breki. Inama uangalie juu ya pedeli kwa tochi, kwenye kapeti utakuta vipande vya plastiki, mimi vyangu nilidhani ni uchafu wa watoto. Bonyeza kipini kwa kidole: taa zikizima swichi ni nzima, tafuta karaba kapya au kwa dharura funga bolti fupi na nati kwenye hilo tundu, yangu ilikaa hivyo miezi. Zisipozima chomoa soketi ya swichi, zikizima hapo ndo swichi imeungua. Ila ukiweka mpya usiisogeze sana kwenye pedeli, ikiizuia isirudi yote breki zitabana na kupata moto. Kama shida ni taa kutowaka kabisa, anza na fyuzi.