Waya unaoujua: kwa vijana wa Lubumbashi wanaoingia kazi ya ndege za kunyunyizia dawa

Kila mwaka mvua zikikaribia, vijana hunifuata kuniuliza namna ya kuingia kwenye kazi ya ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Wengine wamesoma umekanika, wengine wana leseni ya urubani yenye saa chache, wengine wanataka kazi ya chini tu: kuchanganya dawa, kujaza tangi, kukaa na redio pembeni ya shamba. Karibu wote kazi yenyewe wataikuta ng'ambo ya Kasumbalesa, kwenye mashamba makubwa ya Zambia, maana sisi wa Haut-Katanga mahindi ya bukari, yaani ugali, bado tunayangoja kutoka kwao. Mimi nimefanya kazi hiyo misimu mingi, kwanza kama fundi, baadaye kama kapita, yaani msimamizi, wa kiwanja cha ndege hizo. Mshahara wanauliza wote. Ajali anauliza mmoja mmoja, tena kwa sauti ya chini, kama vile kuitaja ni mkosi. Mimi naanza na ajali.

Ukisoma ripoti za ajali za nchi zenye ndege hizi nyingi, Marekani, Australia, Brazili, waya wa umeme haukosekani. Mtu wa nje hudhani rubani aligonga kwa sababu hakujua kwamba kuna waya. Mara nyingi sivyo. Wengi waliogonga walikuwa wanaujua. Walionyeshwa asubuhi kwenye ramani, wameshauruka mara tano, mara kumi, kisha safari inayofuata macho yakawa kwenye skrini ya setelaiti inayoonyesha mstari wa kunyunyizia, au akili ikawa kwenye nozeli, tundu la kutolea dawa, iliyoziba, au kwa bosi anayepiga kelele redioni kwamba bado kuna mashamba mawili. Ndege inakwenda kilomita 220 kwa saa, mita tatu au nne juu ya mahindi. Kwa mwendo huo sekunde moja inakula mita 60. Waya ulio mita 120 mbele una sekunde mbili, na katika sekunde hizo mbili lazima uuone, uamini kwamba umeuona, uvute fimbo ya kuongozea, na ndege yenye mzigo ikubali kupanda.

Kwa hiyo usitafute waya, tafuta nguzo. Waya uliokaa miaka mingi hupoteza mng'ao na kufanana na majani au anga nyuma yake. Unaweza kuuona vizuri ukitoka mashariki, ukarudi kutoka magharibi jua likiwa usoni usione chochote. Nguzo haijifichi hivyo. Angalia vikombe vyake vya kushikia waya na mti uliolala juu yake vinaelekea wapi, huko ndiko waya unakokwenda. Nguzo ikiwa na waya wa kuishikilia upande mmoja, jua kwamba hapo laini inakata kona au inaishia, au kuna tawi linaloenda kwenye nyumba au pampu.

Zile laini kubwa zenye minara ya chuma mnazoziona mkitoka mjini si ndizo zinazonitisha zaidi, lakini nazo zina mtego. Juu kabisa ya nyaya nene kuna waya mwembamba wa kukinga radi. Rubani anazipima nyaya nene kwa jicho, anapanda kuziruka, anajiona amepita, kumbe ule mwembamba uko mita kadhaa juu zaidi. Na wale wanaopenda kupita chini ya waya wakumbuke kwamba waya hushuka jua linapouchoma na umeme unapopita mwingi. Nafasi uliyopita saa kumi na mbili asubuhi siyo utakayoikuta saa nane mchana.

Kuna rubani mmoja, mtu mzima, tuliyefanya naye kazi miaka mingi. Kila shamba, hata kama alilinyunyizia wiki iliyopita, alikuwa analizunguka kwanza kwa juu, polepole, huku akinitajia nyaya redioni. "Kaskazini nguzo sita, moja ina tawi. Umeona?" Najibu, "Nimeona, Papa." Kisha upande wa pili, na wa tatu, mpaka wa nne. Rubani kijana aliyekuwa anajifunza kwake alichoka na desturi hiyo, akamwambia mbele yetu sote: "Papa, hii champ niko naijua." Mzee hakumjibu. Siku tatu baadaye, shamba lilelile, ikasikika redioni: "Kaskazini nguzo saba." Mwenye shamba alikuwa ameweka pampu kijitoni mwisho wa juma na kuvuta waya, asimwambie mtu. Waya wenyewe ulikuwa umekatisha palepale ndege inapogeukia. Kijana yule baadaye nilimsikia akihesabu nguzo kwa sauti kubwa kuliko mzee.

Wewe kapita au mpiga redio, hapo ndipo kazi yako ilipo. Siku moja kabla ya kunyunyizia, lizunguke shamba kwa pikipiki au kwa miguu. Waulize walinzi na wanaopalilia, siyo bosi, maana bosi anajua shamba la kwenye karatasi. Uliza: tangu mwezi uliopita kumechimbwa kisima? Kumewekwa mashine ya kumwagilia? Mashine zile ndefu za magurudumu zinazozunguka shamba zenyewe ni kikwazo, na leo hazipo pale zilipokuwa jana. Uliza pia kuhusu minara. Tarehe 10 Januari 2011, karibu na Oakley huko California, ndege ya kunyunyizia iligonga mnara mwembamba wa kupimia upepo na rubani akafa. Marekani sheria ilidai taa na rangi za tahadhari kwa minara inayozidi mita 61, na minara ya aina hiyo mingi hujengwa chini kidogo ya hapo. Mnara kama huo unaweza kusimamishwa kwa saa chache tu, na kwa rangi yake ya chuma hauonekani kwa urahisi. Minara ya simu ya kwetu angalau ni minene.

Baada ya waya, mgeuko. Kila mstari ukiisha ndege inapanda, inageuka, inashuka tena, na kwa siku moja rubani hufanya hivyo mara mamia. Hapo ndipo hesabu ya bawa inapomshika. Ukiilaza ndege nyuzi 60, bawa linabeba uzito mara mbili, na mwendo wa chini kabisa ambao bawa bado linabeba unapanda kwa asilimia 41. Ndege inayoacha kubebwa kwa kilomita 110 ikiwa sawa, ukiilaza hivyo itaacha kwa 155. Ikiwa juu, rubani anasukuma pua chini na kurudisha mwendo. Ikiwa mita 50 juu ya miti, hana pa kushukia. Upepo nao unadanganya: ukigeuka ukiwa na upepo mgongoni, ardhi inakimbia chini yako, unaona kama una mwendo wa kutosha, unavuta zaidi. Ndiyo maana wazoefu hugeuka kwanza kidogo kuelekea upepo unakoenda, kisha wanarudi wakiukabili, na ndiyo maana huwaoni wakiharakisha mgeuko hata bosi akiwa amesimama na saa mkononi.

Joto linaongeza yote haya. Kiwanja chetu cha ndege cha Luano, hapa Lubumbashi, kiko kama mita 1,300 juu ya bahari, na mashamba mengi ya ng'ambo yako karibu na kimo hicho. Mchana wa Oktoba wenye nyuzi 32, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko zaidi ya mita 2,200. Propela inashika kidogo, bawa linabeba kidogo, injini inapumua kwa shida, na njia ya udongo iliyotosha asubuhi inakuwa fupi. Mwisho wa njia hiyo kwa kawaida kuna miombo, na miombo haisogei.

Sasa nasema na wanaojaza tangi, kwa sababu wengi mtaanzia hapo, na wengi hudhani ajali ni mambo ya marubani. Tangi la lita 1,900 si amri ya kubeba lita 1,900. Lita moja ya mchanganyiko ina uzito wa karibu kilo moja, nyingine huzidi. Safari ya kwanza mafuta yamejaa, basi dawa ipungue. Mchana hewa nyepesi, ipungue tena. Rubani akisema 1,400, ni 1,400, hata kama mwenye shamba anakuambia jaza, jua linakwenda. Nimeona kijana akiongeza "kidogo tu" ili pipa liishe. Ndege ilipaa, ila iliacha alama za magurudumu kwenye nyasi zilizo baada ya mwisho wa njia. Rubani alipotua aliuliza jambo moja tu: nani amejaza. Kijana hakurudishwa siku iliyofuata.

Mlango wa dharura chini ya tangi ujaribiwe kwa maji safi kabla ya msimu na mara kwa mara baada ya hapo, maana dawa iliyokauka hugandisha mipira yake. Sheria ya Marekani inataka ndege inayonyunyizia juu ya makazi ya watu iweze kumwaga angalau nusu ya mzigo kwa sekunde 45. Rubani kijana ajue mapema kwamba mzigo ukitoka ghafla pua inainuka, na lazima awe tayari kusukuma fimbo. Anayegundua hilo siku injini imekohoa juu ya miti amechelewa.

Mafuta: mvua zikianza, mapipa yanayosimama wima nje hukusanya maji juu ya kifuniko, na usiku pipa likipoa linanyonya maji hayo ndani taratibu kupitia nyuzi za kizibo. Yalaze, au yainamishe ili vizibo visizame. Asubuhi chota mafuta kutoka chini ya tangi la ndege kwa chupa ya kioo, uyaangalie kwenye mwanga. Maji hukaa chini kama tone la mviringo. Ukiona chupa nzima safi bila mstari wowote, usifurahi haraka: inawezekana yote ni maji. Nusa. Na propela, siwezi kuliacha. Kazi hii hujaza ndege injini ikiwaka ili kuokoa muda. Ingia na kutoka kwa nyuma ya bawa, siku zote, hata ukiwa umesahau kofia upande wa mbele. Kofia itangoja.

Mafundi, adui yenu ni kutu. Dawa na mbolea hula chuma na alumini, huingia kwenye maungio ambayo macho hayafiki, na ndege hizi hubeba mzigo mzito na kupindwa mara mamia kwa siku. Tarehe 24 Oktoba 2013, karibu na Ulladulla huko Australia, ndege aina ya Dromader, ya kunyunyizia kwa asili yake lakini siku hiyo ikizima moto wa msitu, iling'oka bawa la kushoto ikiwa hewani. Rubani alikufa. Wachunguzi walikuta ufa wa uchovu wa chuma kwenye kiungio cha bawa, ulioanzia kwenye vishimo vidogo vya kutu. Kiungio hicho kilikuwa kimekaguliwa, lakini si kwa njia iliyoagizwa na mtengenezaji. Fikiri hapo kidogo: karatasi ilisema kimekaguliwa, na kweli mtu alikikagua. Kitabu kikisema fungua, osha, toa rangi, pima kwa sumaku, usiseme chombo kile kingine nacho ni kizuri. Mjini kwetu tuna ustadi mkubwa wa kupata njia ya pembeni, na kwenye gari la Kasumbalesa ustadi huo hutupeleka nyumbani. Kwenye bawa, hapana.

Kuhusu usingizi nitasema machache. Bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za usafiri ilihesabu ajali 78 za kazi hii nchini mwao kwa mwaka 2013 pekee, na ripoti yake ya mwaka uliofuata ilitaja uchovu wa marubani pamoja na matengenezo duni. Rubani anaamka saa tisa usiku kwa sababu upepo hutulia alfajiri. Kama jioni mnampigia muziki nje ya chumba, mnashiriki.

Watu huniuliza kwa nini baadhi ya marubani hutoka wazima kwenye ndege iliyokunjamana. Si bahati tu. Mwaka 1950 mhandisi Fred Weick, akiwa Texas, alirusha ndege ya kwanza iliyochorwa tangu mwanzo kwa ajili ya mashamba. Rubani alimweka juu na nyuma, tangi la dawa mbele yake, ili mzigo usimpige mgongoni ndege ikisimama ghafla na ili chuma cha mbele kikunjike kabla ya kumfikia. Ndege nyingi za leo zinafuata mchoro huo, na wengi huongeza kisu cha kukata waya mbele ya kioo. Lakini yote hayo yanamsaidia aliyefunga mikanda ya mabega na kuvaa kofia ngumu. Fundi, vuta ile mikanda kila asubuhi.

Jambo la mwisho ni dawa yenyewe, kwani nayo huangusha ndege. Zile za kundi la fosforasi huingia kupitia ngozi na pumzi, mboni za macho husinyaa, macho hufifia, jasho na mate hutoka, mikono hukosa nguvu. Rubani mwenye macho ya namna hiyo hawezi kuona waya, hata ule aliouhesabu. Kuna kipimo cha damu cha kimeng'enya ambacho dawa hizi hukishusha, na hakina maana kubwa kama hukupimwa ukiwa mzima. Pimwa hapa Lubumbashi kabla ya kuvuka mpaka, karatasi ya matokeo iweke pamoja na kadi ya homa ya manjano. Ukifika shambani, uliza siku ya kwanza kliniki yenye atropini, dawa ya kutibu sumu hiyo, iko wapi na nani ana gari usiku.