Msimulizi si burudani: kwa mliojiunga na kamati ya tamasha la fasihi

Wadogo zangu mliojiunga na kamati mwaka huu, rasimu ya ratiba mliyotuletea imeandikwa kwa unadhifu, lakini imenitia wasiwasi. Hotuba ya mgeni rasmi imepewa dakika 40, mjadala wa waandishi saa nzima, na wasimulizi kutoka vijijini wamebanwa katika mstari mmoja usemao "burudani, dakika 5 kila mmoja". Karibu kila kundi jipya hutuletea mstari huo huo, na mimi sitachoka kuufuta. Ngano ya Kigogo, ya Wagogo wa hapa Dodoma, haisomwi kama risala. Ina wimbo ndani yake, wimbo una kiitikio, na hadhira sharti ifundishwe kiitikio hicho kabla kisa hakijafika mbali. Bibi mliyempa dakika 5 atazimaliza akiwa bado anasalimia.

Kwanza, tarehe. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na msimulizi mnayemtaka ni mkulima. Mkimfuata Februari mtamkuta akipalilia mtama na uwele, wala hana sababu ya kuliacha shamba kwa ajili yenu. Julai na Agosti mavuno yameshaingia ndani na watu wana nafasi, ila upepo wa miezi hiyo huvuma ndani ya vipaza sauti, kwa hiyo msisahau sponji zake.

Pili, fundi mitambo akutane na wapiga ala siku moja kabla. Zeze lina sauti ndogo na hutaka kipaza sauti karibu. Ilimba, ala ya vibamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ina tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui, na mtetemo wa utando huo ndio unaoipa ala ule mvumo wake. Nimewahi kumwona fundi mgeni akipunguza sauti na kuzungusha vitufe kwa bidii, akidhani spika imepasuka, huku mzee mwenye ilimba akigeuka kutazama nyuma asielewe ni nani amemzimia ala yake.

Tatu, itifaki. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu bado inaniuma.

Mwaka mmoja tulimleta bibi mmoja kutoka wilaya ya Chamwino, msimulizi ambaye watu wa kijijini kwake walimtaja kabla hatujamaliza hata kuuliza. Mgeni rasmi alitarajiwa saa 3 asubuhi. Ilipofika saa 6 alikuwa hajatokea, watu wakaanza kuondoka, nasi tukamwomba bibi aanze. Aliketi kwenye kigoda, akatandaza khanga magotini, akawafundisha wanafunzi wa shule ya msingi kiitikio, akawarudisha nyuma mara kadhaa mpaka wakakishika sawasawa. Kisha akaanza kisa cha binti aliyeachwa na wenzake korongoni, kwenye kisima cha mchanga, jua likizama. Binti anaimba kuwaita, watoto wanaitikia, na bibi kila mara anateremsha sauti kidogo ili tumsikie binti akizidi kuachwa mbali. Uwanja ulikuwa umetulia kabisa. Ndipo king'ora cha msafara kikasikika.

Ratiba ilikuwa mkononi mwangu. Nilimpa mshereheshaji ishara, naye akawaomba watu wasimame kumpokea mgeni. Wote tulisimama, tukageukia barabarani, tukampa mgongo bibi aliyekuwa amebaki kwenye kigoda chake na wimbo ukiwa nusu. Ukafuata utambulisho, ikafuata risala, ikafuata hotuba. Tulipomrudia na kumwomba aendelee, alitueleza kwa upole kwamba walioitikia wameshaondoka. Ilikuwa kweli, walimu walikuwa wamewarudisha watoto shuleni. Alikunja khanga yake, akauliza gari la kurudi.

Baadaye tulikwenda kwake pamoja na mtendaji wa kijiji kuomba radhi. Alitupokea kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na kutukaribisha chakula, lakini jukwaani hakurudi tena, na mwisho wa kile kisa sisi hatukuusikia. Tulikuwa na mgeni ambaye angeweza kungoja kivulini, na msimulizi ambaye hakuwa na wa kumbadilisha, nami nikachagua vibaya. Tangu hapo barua ya mwaliko inasema wazi kwamba mgeni akichelewa ataongozwa kwenye kiti chake bila tangazo, na atasikiliza kama wengine mpaka kisa kiishe. Hakuna mgeni aliyekasirika. Wengine wameitikia wimbo kwa sauti kubwa kuliko wanafunzi.

Nne, msirekodi kwanza na kuomba ruhusa baadaye. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi, ngano zikiwamo, kwa hiyo ridhaa ni jambo la kisheria kama lilivyo la adabu. Isomeni fomu kwa sauti, kwa Kigogo ikibidi, na msimkimbize mzee kutia dole gumba.

Kuhusu waandishi wetu wanaonung'unika kupangwa baada ya wasimulizi: wakumbusheni Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma wa mwaka 1917, aliyeandika historia na mila za Wagogo na ambaye jina lake haliachani na ngonjera. Kazi ya namna ile huanza kwa kukaa chini na kuwasikiliza wazee, na katika mji huu mwandishi haoni haya kuketi mbele ya msimulizi.

Nauli na posho zitolewe siku hiyo hiyo, mkononi, kabla gari halijawashwa. Msimwambie mtu wa miaka 70 kwamba mhasibu atampigia simu. Na nakala ya kila mlichorekodi iende kijijini kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu kabla ya msimu wa mvua, akabidhiwe mjukuu anayeishi na msimulizi, kwa sababu yeye ndiye atakayeifungua.