Nadaiwa na muda umepita: je, nalazimika kubana matumizi?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Nina mshahara, ila nadaiwa na watu watatu, na mmoja wao ameshafariki. Muda tuliokubaliana umepita. Kila mwezi, nikishatoa matumizi ya nyumbani, kinachobaki nanunulia nguo, tunatoka na familia, na natoa sadaka kila Ijumaa. Mke wangu anasema nikibana zaidi nitakuwa bakhili. Je, nalazimika kujinyima?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndiyo, ndugu yangu, unalazimika. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mwenye uwezo kuchelewesha kulipa deni ni dhuluma. Wengi wakisikia "mwenye uwezo" humfikiria tajiri. Hicho kinachobaki mkononi mwako baada ya chakula, kodi, matibabu na ada za watoto ndio uwezo wenyewe, hata kikiwa kidogo.

Matumizi ya lazima ya mke na watoto usiyaguse, hayo ni wajibu juu yako. Mkeo umweleze kwa upole kwamba bakhili ni anayezuia haki, na wewe unataka kuitoa. Aya ya 67 ya Surat al-Furqaan inawasifu wanaotoa bila israfu wala uchoyo, wakawa katikati. Naona katikati ya mtu anayedaiwa iko chini kuliko ya asiyedaiwa. Kaeni wawili na daftari, mwandike kila mnachonunua mwezi mzima, hata bando la simu. Mkifika kwenye kila mstari jiulizeni: mdai wetu angekuwa amesimama pale dukani, tungelipia hiki bila kuona haya?

Sadaka ndiyo inayowatatiza watu wema. Sadaka ya sunna haitangulii deni lililofika muda. Imamu Bukhari ameandika katika Sahihi yake, yaani mkusanyo wake wa hadithi, kwenye kitabu cha zaka, kwamba anayetoa sadaka huku anadaiwa, deni lina haki zaidi ya kulipwa. Kwa hiyo ile ya Ijumaa mpelekee mdai wako. Hujapoteza thawabu, maana kutimiza wajibu ni ibada kubwa zaidi.

Tena usingoje kupigiwa simu. Nenda kwa wadai wako, uwaambie utatoa kiasi gani na tarehe gani, na utaje kiasi unachokiweza kweli. Aya ya 280 ya Surat al-Baqara inamtaka mdai ampe muda aliye katika dhiki, lakini haimruhusu mdaiwa kujificha. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni, akaeleza kuwa mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi.

Ama huyo aliyefariki, deni lake halikufa naye. Sasa ni sehemu ya mirathi, uwalipe warithi wake. Warithi watu wazima wakikusamehe kwa ridhaa yao, kila mmoja anasamehe fungu lake tu. Fungu la mtoto mdogo hakuna wa kulisamehe, hilo utalilipa lote.

Wallahu aalam.