Baba, jirani na hatua tatu za kihamba

SWALI

Mheshimiwa Wakili, habari ya kazi. Baba yangu ana miaka 81, yuko nyumbani Marangu. Mwaka 2009 alimruhusu mzee wa jirani, ambaye sasa ni marehemu, apande majani ya ng'ombe kwenye ukanda wa hatua tatu wa kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, unaoshuka kutoka njiani hadi kwenye mfongo, mfereji wa maji. Mwaka 2016 mwanawe aling'oa masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, akapanda migomba. Baba alipomwambia atoke, akajibu hapo ni kwao. Tangu siku hiyo hawasalimiani. Dada yetu ameolewa na mdogo wake huyo jirani, na baba amempiga marufuku kukanyaga nyumbani. Mama humwona kanisani tu. Mwaka jana baba alitoka usiku akakata migomba minne. Ameshauza ng'ombe, na sasa anataka tuchange apeleke kesi wilayani. Kaka mkubwa amekubali, mimi nimekataa, na sisi wawili hatuongei. Baraza la Kata liliwaita mara mbili, likaandika kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Je, lilikosea kutotoa hukumu? Jirani anadai ana zaidi ya miaka 12 pale, je, ardhi imeshakuwa yake? Na sisi watoto tunaweza kumzuia baba?

Mtoto wa tatu, Dar es Salaam

JIBU

Pole ndugu yangu, na mpe pole mama.

Baraza halikukosea. Zamani Baraza la Kata lilikuwa na uwezo wa kuamua mgogoro wa ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. Mabadiliko ya mwaka 2021 kwenye Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, yaliondoa uwezo huo, na kazi iliyobaki ni kusuluhisha. Karatasi waliyoandika itunzeni vizuri, msiione haina maana. Bila hiyo, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitapokea shauri la baba, isipokuwa kama siku 30 zingekuwa zimepita tangu afungue lalamiko na kata haijalimaliza.

Hili la miaka 12 ndilo linalonifanya nikuandikie kwa kirefu, maana vijijini linazungumzwa kama vile kalenda peke yake inagawa vihamba. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai ardhi yake. Lakini muda hauanzi kuhesabika wakati mtu yuko pale kwa ruhusa. Aliyekaribishwa apande majani amekaa kwa hisani ya mwenye mali, hata akikaa miaka 30. Kwa hiyo jirani hawezi kuanza hesabu yake 2009, mradi baba aweze kuthibitisha ile ruhusa. Nani aliisikia? Mama alikuwepo? Kuna mzee wa ukoo aliyeitwa siku ile? Ushahidi huo uandikeni sasa, wakati wenye kumbukumbu wako hai.

Kwa maelezo yako, hesabu inaanza 2016, jirani alipokataa kutoka, na inafika mwisho 2028. Ila hukunitajia mzee wa jirani alifariki lini, na hapo mimi nisingelala. Ruhusa ile alipewa yeye. Wakili wa upande wa pili anaweza kusema ilizikwa naye, na kwamba mwanawe alikaa pale kivyake tangu siku ya msiba. Kama kifo kilitangulia 2016, hesabuni kuanzia tarehe ya kifo ili muwe salama.

Kwa hiyo baba yako si mzee mkorofi anayepigania kisichokuwepo. Ana hoja. Naomba umwambie hivyo mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla ya kumwambia jambo jingine lolote. Katika kesi za mipaka nilizoshika, mara nyingi nimekuta mzee anang'ang'ania kwa sababu tangu mwanzo hakuna mtu nyumbani kwake aliyewahi kumwambia, "Baba, ni kweli ulionewa." Wote wanamwambia aache.

Kumzuia kisheria hamwezi. Kihamba ni chake, akili yake timamu, na umri haumwondolei mtu haki ya kudai. Mnachoweza kukataa ni kuchanga. Lakini mjue kwamba kesi ya ardhi haifi na aliyeifungua. Akitangulia katikati ya shauri, msimamizi wa mirathi anaingia kwenye nafasi yake, na huyo huenda akawa wewe au kaka yako, mkishtakiana na shemeji zenu.

Ile migomba minne, hapo baba amekosea, na anaweza kushtakiwa kwa jinai, kuharibu mali ya mtu kwa makusudi. Kuwa na haki juu ya ardhi hakumpi mtu ruhusa ya kutumia panga usiku. Jirani akiamua kwenda polisi leo, mwenye kesi nzuri ya ardhi anageuka mshtakiwa. Mlipeni ile migomba, mbele ya balozi wa nyumba kumi, mwandikishane. Hela hiyo changeni wewe na kaka yako kwa pamoja.

Sasa mpaka wenyewe. Niliwahi kwenda kwenye mgogoro unaofanana sana na wenu, familia mbili zimeapa kila moja kwamba masale hayakuwahi kuwepo pale mwenzake anaposema. Mama mmoja mzee akaomba jembe. Akachimba taratibu kando ya mgomba, kina cha kama shubiri mbili, akatoa kisiki cheusi cha isale kilichokuwa kimeanza kutoa chipukizi jeupe kama jino la mtoto. Akasogea hatua kadhaa, akachimba, akatoa kingine. Kufikia cha tatu mstari ulikuwa unaonekana, na watu wakawa kimya. Isale ni sugu, likikatwa juu shina la chini linaweza kukaa miaka. Kwa hiyo msikubali mtu alime ukanda ule kabla haujachimbwa mbele ya pande zote mbili. Na mkifika wilayani, ombeni mwenyekiti wa baraza aje aone eneo. Akija, wadaawa wote, yaani pande zote mbili za kesi, wawepo na yanayoonekana yaandikwe kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za kesi.

Ushauri wangu ni huu. Desemba wote mnarudi nyumbani, na jirani vilevile watoto wake wanarudi. Fanyeni hapo. Baba ndiye aliyekata migomba, basi apeleke isale, ambalo kwa Wachaga ni ishara ya kuomba radhi, kwa hilo tu, aombe radhi ya migomba bila kuachia hata inchi moja ya mpaka. Wewe ni Mchaga, unajua mtu akiletewa isale hawezi kulikataa hivihivi. Baada ya hapo ndipo mchimbe, mpime kwa futi, mpande masale mapya, na muandike makubaliano yenye vipimo, majirani wa pande nne na sahihi za mashahidi.

Karatasi hiyo msiiache kabatini. Fungueni shauri wilayani mkiwa mmeshaelewana, muombe baraza liyasajili makubaliano. Yakishasajiliwa yanakuwa hukumu, na hukumu ya makubaliano haikatiwi rufaa. Mkishindana hadi hukumu ya kawaida, aliyeshindwa ana siku 45 za kwenda Mahakama Kuu, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Rufani. Baba ana miaka 81.

Akikataa suluhu kabisa, basi afungue kesi mapema, na mimi nitasema ana haki ya kufanya hivyo.

La mwisho, hukuuliza ila najua litakuja. Mtatamani dada yenu awe shahidi, kwa kuwa anajua nyumba zote mbili. Sheria haimkatazi. Nawasihi msimwite. Ataapa mbele ya mumewe kwamba shemeji yake ni mwongo, au mbele ya baba yake kwamba baba ni mwongo, kisha atarudi kupika kwenye mojawapo ya nyumba hizo. Mashahidi wengine wapo. Na wala msingoje kesi iishe ndipo apite getini. Mama aende amchukue Jumapili hii baada ya ibada, waje wote wawili, wapite njia ile ya kwenye mfongo.