Madogo mnaoanza kazi za maafa, acheni kuhesabu nyufa tu

Juzi nimekaa kwenye kikao cha tathmini, dogo mmoja akatupandishia ramani ukutani imepakwa rangi, nyekundu palipobomoka sana, njano kiasi, kijani pameguswa kidogo, alafu akasema kwa kujiamini kabisa kwamba kijani watasimama mapema na nyekundu watachelewa. Wenzake wote wakaitikia kwa kichwa. Nikanyamaza maana nilikuwa nishaongea sana siku hiyo na nikifungua mdomo huwa sifungi. Sasa naandika. Mtanisamehe ukali, nawapenda, ila mnanichosha.

1. Ukubwa wa uharibifu haukwambii nani atainuka.

Chukueni Kobe, kule Japani, tarehe 17 Januari 1995. Tetemeko moja, jiji moja, zaidi ya watu 6,400 wakafa. Kwenye wilaya ya Nagata kulikuwa na mtaa unaitwa Mano, wazee wake walishazoeana tangu miaka ya 1960 walipokuwa wanapigana na viwanda vilivyokuwa vinawachafulia hewa. Moto ulipoanza wale watu wakapanga mstari, ndoo mkono kwa mkono, wakauzima. Mtaa wa Mikura, uko Nagata hiyohiyo, watu walisimama nje wanaangalia nyumba zinaungua. Sio kwamba walikuwa watu wabaya, hawakuwa na mazoea ya kufanya jambo pamoja, na mazoea hayo huyaanzishi moto ukishawaka. Na baada ya hapo Mano haohao ndo walikuwa na chombo chao cha kuongea na serikali kuhusu kujenga upya.

Ng'ambo kidogo, kisiwani Awaji, kuna mji ulikuwa unaitwa Hokudan, ulikuwa karibu kabisa na kitovu. Kule watu mia tatu hivi walifukiwa, na siku hiyohiyo majirani na zimamoto wa kujitolea wakawa wamewatoa, kwa sababu walijua mzee fulani analala chumba gani, hawakuwa na haja ya kubahatisha pa kuchimba. Sasa niambieni hiyo taarifa iko safu gani kwenye dodoso lenu lenye maswali ya aina ya paa.

2. Msitawanye majirani. Hili nitalisema kwa urefu kwa sababu nililifanya mimi.

Ilikuwa baada ya mafuriko, shirika silitaji wala mahali sipataji. Mimi ndo nilikuwa mtaalamu wa Eksel ofisini, si mnajua ile raha ya kuitwa kila mtu akikwama. Familia zimelala madarasani, makazi ya muda yamekamilika sehemu tatu zilizo mbalimbali, bosi anataka utaratibu ambao hakuna atakayesema kuna upendeleo. Nikakesha. Nikaja na alama za uhitaji: mzee alama kadhaa, mlemavu kadhaa, mjamzito, mjane, anayeishi peke yake. Wenye alama nyingi wanaingia kwanza, waliobaki tunapiga kura, na unapelekwa kambi yoyote yenye nafasi siku hiyo. Safi kama maji. Mfadhili alisifia mpaka kwa maandishi, nami nikatembea kifua mbele.

Kumbe kwenye yale madarasa kulikuwa na watu wa mtaa mmoja wa kandokando ya mto walishajipanga vizuri kuliko sisi. Zamu za kupika, zamu za kulinda, kuna mama mmoja ameandika kwenye daftari nani anameza dawa gani na saa ngapi. Nililiona lile daftari kwa macho yangu. Nikaliona zuri, nikaendelea na fomula zangu.

Mashine yangu ikawasambaza watu wale kwenye kambi zote tatu. Walikuwa na kikundi cha kuweka na kukopa, na mnajua lile sanduku la kufuli tatu, washika funguo watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Basi kura yangu tukufu ikampeleka kila mshika ufunguo kambi yake. Sanduku likakaa limefungwa kipindi kilekile watu walichohitaji mkopo kuliko siku zote za maisha yao, huku sisi tunaandika pendekezo la mradi wa kuwaanzishia vikundi vya kuweka na kukopa! Nacheka sasa hivi. Sikucheka wakati ule.

Na kuna bibi. Alikuwa anaishi peke yake, ana presha, alama zake zilikuwa juu kuliko wote kwenye orodha, kwa hiyo aliingia wa kwanza, na mimi nikapiga picha mlangoni kwake kwa ajili ya ripoti. Nilichokuwa sijui ni kwamba yule bibi kwenye karatasi aliishi peke yake ila kwa kweli hakuwa peke yake hata siku moja, kulikuwa na jirani anayemgongea kila asubuhi, anamchotea maji, anamkumbusha dawa, na huyo jirani alikuwa na nguvu zake na mume na watoto wakubwa kwa hiyo alama zake zilikuwa kidogo, kura ikamtupa kambi nyingine. Nilipokwenda kwenye ufuatiliaji nikakuta mlango umerudishiwa, nikauliza wa pembeni, hawakumjua jina. Tulimkuta chini. Alipona, lakini mkono na mguu wa upande mmoja havikurudi kama zamani. Nilipoenda kumwona hospitali aliniambia, bila hata hasira, "Mwanangu, huko uliponipeleka nani ananijua?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Kilichoniuma zaidi ni kwamba utaratibu wangu haukuwa na kosa hata moja la hesabu.

Baadaye ndo nikasoma kwamba Kobe walipitia hukohuko, tena kwa nia njema vilevile. Wazee na walemavu walipewa kipaumbele, nyumba za muda zikagawiwa kwa kura, nyingi ziko pembezoni mwa jiji, majirani wakatawanyika, na zaidi ya watu 200 wakafia ndani ya nyumba hizo wakiwa peke yao bila mtu kujua. Japani wakajifunza. Tetemeko la Niigata la 2004 lilipolazimisha watu wa kijiji kizima cha Yamakoshi kuhama kutoka milimani, makazi ya muda yalipangwa kitongoji kwa kitongoji, jirani akabaki jirani. Sasa mkiniona nang'ang'ania safu ya "angependa kukaa karibu na nani" msinikunjie sura, mnajua ilikotoka.

3. Mshikamano una mlango, angalia nani ameachwa nje.

Hapa huwa mnakosea kwa upande wa pili. Mkishasikia habari za mshikamano mnamkimbilia mwenyekiti, anawapa orodha, mnaipokea kama imeshuka kutoka mbinguni. Baada ya tsunami ya 2004, kwenye pwani ya Tamil Nadu kule India, mabaraza ya vijiji vya wavuvi yalikuwa imara kweli, yaligawa misaada haraka na kusimamia ujenzi vizuri. Lakini mabaraza hayohayo yaliwasahau au kuwaruka wajane, Wadalit, yaani wale wanaowekwa chini kabisa kwenye matabaka ya India, na watu wasiokuwa wa jamii ya wavuvi. Kadiri kikundi kilivyoshikana ndivyo kinavyojua pia kufunga mlango. Kwa hiyo orodha ya mwenyekiti pokea, asante sana mzee, alafu zunguka upande wa nyuma ukaulize nani hayumo.

4. Kupendana hakulipi fundi.

New Orleans, Marekani, kimbunga Katrina, 2005. Mtaa wa Village de L'Est ulikuwa na Wavietnamu wengi, watu waliokimbia nchi yao kuanzia 1975, wana parokia yao inaitwa Mary Queen of Vietnam. Maji yalipokauka walikuwa kati ya watu wa kwanza kurudi, wanaezekeana mapaa kwa zamu. Waliokuwa wanasimamia umeme wakasema hawawezi kuwasha mtaa usiokuwa na wateja, Padri Vien The Nguyen akawapelekea orodha ya majina ya waliorudi, umeme ukawaka. Mkiona hivyo mnasema basi, siri ni umoja.

Taratibu. Lower Ninth Ward, mtaa wa Wamarekani Weusi hukohuko New Orleans, walikuwa na umoja pia, makanisa, ukoo, watu waliozaliwa na kukulia palepale. Lakini mpango wa serikali uliokuwa unaitwa Road Home ulikuwa unakokotoa fidia kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au gharama ya kutengeneza, wanachukua iliyo ndogo. Nyumba zilezile, mbao zilezile, ila kwenye mitaa ya Wamarekani Weusi soko lilizipa thamani ndogo, kwa hiyo wakapewa hela isiyotosha kujenga. Wengine nyumba waliachiwa na babu na hati haijawahi kubadilishwa jina, hao hata kuomba ilikuwa shida. Kesi ikafunguliwa, ikamalizwa kwa makubaliano 2011, miaka sita baada ya kimbunga. Kwa hiyo dogo ukiandika kwenye ripoti kwamba jamii fulani "haina ari ya kujiinua", kabla hujanitumia kaangalie fomula ya fidia na hati za ardhi. Nikikuta hilo neno ari bila hivyo viwili nakurudishia ripoti.

5. Mengine ya harakaharaka.

Mpe mtu hela kwa awamu, mpe fundi aliyepata mafunzo, mpe na mkaguzi, ajenge mwenyewe. Gujarat, India, baada ya tetemeko la 2001 walifanya hivyo, na wengi walichagua kujenga palepale walipokuwa.

Usimhamishe mvuvi mbali na bahari kwa sababu ramani inapendeza. Sri Lanka baada ya tsunami walitangaza ukanda wa kutojenga, mita 100 pwani ya kusini na magharibi, mita 200 kaskazini na mashariki, ikabidi waulegeze baadaye.

Dodoso likizidi nusu saa, majibu ya mwisho ni ya kukufukuza.

Ukikuta wamama wana daftari, kaa chini ulisome lote kabla hujafungua kompyuta yako. Na kama kuna kikundi chenye sanduku, uliza funguo ziko kwa nani kabla hujapanga mtu yeyote kambi yoyote. Fomu mpya nimeshaiongezea hiyo safu, iko ukurasa wa pili, na nimeifunga isifutike maana nawajua.